Chenga Katika Picha ya MRI Hutoka Wapi

Wagonjwa wa Kigoma na Tabora wanaopewa rufaa ya kwenda kupigwa picha ya MRI katika miji ya mbali hurudi na vitu viwili: bahasha kubwa yenye filamu au sidii, na karatasi ya majibu. Mara nyingine karatasi hiyo huwa na sentensi inayowakera ndugu waliochangishana nauli, kwamba picha hazikuwa na ubora wa kutosha na kipimo kirudiwe. Lawama ya kwanza huangukia mashine, kwamba ni kuukuu au kwamba tesla zake, yaani vipimo vya nguvu ya sumaku yake, ni chache. Huenda lawama hiyo ikawa na haki, lakini ni nadra kuwa kamili, kwa sababu nguvu ya sumaku ni jambo moja tu kati ya mengi yanayoamua kama ishara inayotoka mwilini itapokelewa vizuri au itamezwa na kelele.

Mashine ya MRI, pamoja na ukubwa wake na mlio wake wa kugongagonga, kimsingi ni sumaku kubwa iliyofungwa pamoja na redio. Haitumii eksirei. Kinachosikilizwa ni protoni, yaani viini vya atomu za haidrojeni, ambazo zimejaa mwilini kwa kuwa mwili una maji na mafuta mengi. Kila protoni ina usumaku wake mdogo, na ikiwa ndani ya uga wa sumaku huzunguka kwa kasi maalumu ya mizunguko milioni 42.58 kwa sekunde kwa kila tesla 1. Katika mashine ya tesla 1.5, basi, protoni huzunguka kwa masafa ya megahezi 63.9 hivi, na katika mashine ya tesla 3 kwa megahezi 127.7. Redio za FM hurusha matangazo kati ya megahezi 87.5 na 108, katikati kabisa ya masafa hayo mawili. Mashine hurusha wimbi fupi la redio lenye masafa yaleyale ya protoni. Protoni hulalishwa kutoka mwelekeo wa uga, na kadiri zinavyozunguka zikiwa zimelala huzalisha umeme mdogo sana katika koili, yaani antena ya shaba iliyowekwa karibu na mwili. Picha nzima, iwe ya ubongo, ya uti wa mgongo au ya goti, hujengwa kutokana na umeme huo.

Udogo wa umeme huo ndio chanzo cha taabu yote. Ndani ya uga wa sumaku protoni hujigawa pande mbili, nyingine zikiufuata uga na nyingine zikiukabili, na zinazokabiliana hufutana. Joto la mwili huzitikisa kiasi kwamba pande hizo mbili hukaribia kulingana. Katika tesla 1.5, upande wenye wengi huuzidi ule wenye wachache kwa protoni 5 hivi tu katika kila milioni, na hizo 5 ndizo zinazotupatia picha. Kinachotuokoa ni wingi wa maji. Milimita moja ya ujazo ya maji ina protoni zipatazo 67 ikifuatiwa na sufuri 18, kwa hiyo hata sehemu hiyo ndogo hubaki na ziada ya zaidi ya trilioni 300, namba ambayo bajeti ya taifa letu kwa shilingi haijaifikia.

Ishara kuwa ndogo si tatizo peke yake, maana vifaa vya kukuza umeme vipo. Tatizo ni kwamba koili hainasi ishara tu. Mwili ni maji ya chumvi. Maji ya chumvi hupitisha umeme, na chembe zake zenye chaji zinapotikiswa na joto hutoa kelele za redio za kila masafa. Mgonjwa mwenyewe ndiye chanzo kikubwa cha kelele katika mashine za kawaida za hospitali, jambo linalowashangaza wengi. Aliyewahi kukaa ufukweni Ujiji usiku akitafuta stesheni ya ng'ambo ya Ziwa Tanganyika anafahamu kwamba kuongeza sauti hakumsaidii: mtangazaji hupanda, na mkwaruzo hupanda pamoja naye. Ndiyo maana wataalamu hawaulizi ishara ina nguvu kiasi gani, bali inaizidi kelele mara ngapi. Uwiano huo ukiwa mdogo, picha hujaa chenga.

Njia ya kwanza ya kuukuza uwiano huo, na iliyo ghali kuliko zote, ni kuongeza nguvu ya sumaku. Ukiiongeza maradufu, ziada ile ya protoni 5 huwa 10, na kwa kuwa zinazunguka kwa kasi maradufu, umeme unaozalishwa katika koili huongezeka mara 4. Kelele za mwili nazo huongezeka maradufu, hivyo faida inayobaki ni kama mara 2. Hapo ndipo matangazo ya biashara hukomea. Upande wa pili wa hesabu ni kwamba katika sumaku yenye nguvu zaidi tishu nyingi huchukua muda mrefu zaidi kurejea katika hali yake baada ya kila wimbi, kwa hiyo sehemu ya faida hupotea katika kusubiri. Nishati ya redio inayoingia mwilini na kuupasha joto huongezeka karibu mara 4, na kwa kuwa kuna kiwango cha joto kisichoruhusiwa kuvukwa, mtaalamu hulazimika kupunguza au kutawanya mawimbi yake. Zaidi ya hayo, urefu wa wimbi la redio ndani ya mwili hupungua kutoka sentimita 52 hivi katika tesla 1.5 hadi 26 hivi katika tesla 3, kipimo kinachokaribiana na upana wa tumbo la mtu mzima, na matokeo yake mawimbi hujifuta yenyewe kwa yenyewe katikati ya tumbo. Hali huwa mbaya zaidi kwa mgonjwa aliyejaa maji tumboni, kama wanavyokuwa baadhi ya watu ambao kichocho cha miaka mingi kimewaharibu ini, na kichocho si kigeni kwa wakazi wa mwambao wa ziwa letu. Picha yake katika tesla 3 yaweza kuwa na kivuli cheusi kisichotokana na ugonjwa wowote. Kwa mgonjwa huyo mashine ya tesla 1.5 ndiyo bora, na daktari anayemwelekeza huko hajampunja.

Sumaku hizo kubwa, tukizitaja kwa ufupi, ni nyaya za mchanganyiko wa niobiamu na titani zilizozamishwa katika heliamu ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sufuri, baridi inayoziwezesha kupitisha umeme bila kipingamizi. Umeme wa jengo ukikatika sumaku haizimiki, bali mtambo wa kupoza husimama na heliamu huanza kuchemka na kupungua. Mkoa kama Kigoma, ulioishi miaka mingi kwa umeme wa jenereta za dizeli, unaelewa bila kuelezwa kwa nini mashine za namna hii zilitangulia kufungwa kwingine. Inapendeza kukumbuka kwamba mwaka 2016 ilitangazwa kuwa bonde la Ziwa Rukwa, kusini kwetu, lina hazina kubwa ya gesi hiyohiyo ya heliamu.

Kama ningeruhusiwa kuuliza swali moja tu kuhusu mashine nisiyoijua, nisingeuliza tesla. Ningeuliza koili. Ishara hupungua haraka sana kadiri koili inavyokaa mbali na kiungo, na koili kubwa hunasa kelele za kiwiliwili kizima hata kama kinachotafutwa ni mshipa mmoja wa kifundo cha mguu. Koili ndogo iliyokumbatia kifundo husikia kifundo peke yake. Udhaifu wake ni kwamba haioni kina: uwezo wake hufika ndani kwa kadiri ya nusu ya kipenyo chake, kisha hufifia. Mwaka 1990 ilichapishwa njia ya kuziunganisha koili ndogo nyingi, kila moja ikiwa na kipokezi chake, ili picha ipate usikivu wa koili ndogo na upana wa koili kubwa. Leo koili ya kichwa yaweza kuwa na vipengele 8, 16 au 32, na tofauti kati ya koili ya zamani yenye kipengele kimoja na ya kisasa yenye vingi yaweza kuzidi tofauti kati ya tesla 1.5 na 3.

Hapa pia ndipo mkono wa mtaalamu wa radiolojia unapoonekana. Mzee mwenye kibiongo ambaye kichwa chake hakiingii vizuri katika koili, mtoto aliyelazwa katika koili ya mtu mzima ikabaki nafasi tupu kumzunguka, koili ya bega iliyoteleza sentimita chache mgonjwa alipojigeuza: yote haya huonekana katika picha kama chenga au kama upande mmoja uliofifia. Kipengele kimoja cha koili kikikatika ndani, robo ya ubongo huweza kuonekana na giza ambalo daktari asiye makini atalihofia bure. Vituo vinavyojali kazi yao hupiga mara kwa mara picha ya chupa maalumu ya maji yenye chumvi, kisha hulinganisha namba za leo na za nyuma, ili ugonjwa wa koili ugunduliwe kabla ya kudhaniwa kuwa ni ugonjwa wa mtu.

Sehemu iliyobaki ya nguvu ya ishara iko katika tishu zenyewe na katika muda ambao mashine imepangiwa kuzisikiliza. Jirani yangu hapa Tabora, fundi seremala, alinijia na filamu ya mgongo wake, akaishikilia dirishani kwenye mwanga na kuniuliza, "Mwalimu, huu weusi wote ndio ugonjwa?" Pembeni mwa kila picha kulikuwa na maandishi madogo ambayo hakuyatilia maanani: TR 4000, TE 100, SL 4.0. TR ni muda, kwa milisekunde, kati ya wimbi moja la redio na linalofuata. TE ni muda wa kusubiri kabla ya kusikiliza. Na SL ni unene, kwa milimita, wa kila tabaka la mwili linalopigwa picha. Namba mbili za mwanzo zinatosha kueleza karibu kila cheusi na kila cheupe katika filamu ile.

Protoni zikishalalishwa, mambo mawili huendelea kwa wakati mmoja. La kwanza, hurejea polepole kufuata uga wa sumaku, na kasi ya kurejea hutegemea tishu: kufikia asilimia 63 hivi ya safari hiyo katika mashine ya tesla 1.5, mafuta huchukua kama robo sekunde, misuli kama sekunde moja, na maji yanayozunguka uti wa mgongo kama sekunde 4. Tishu isiyopewa muda wa kurejea hubaki na kidogo cha kutoa wimbi linalofuata likipigwa. La pili, protoni zilizolala hupotezana hatua, na ishara yake hufifia: ya misuli hushuka hadi asilimia 37 hivi baada ya milisekunde 50 hivi, ya maji ya uti wa mgongo baada ya sekunde 2 hivi. Tukirudi kwenye filamu ya fundi, TR ya milisekunde 4000 iliyapa maji yale nafasi ya kurejea kwa zaidi ya asilimia 60, na TE ya 100 ilipofika yalikuwa yamepoteza asilimia 5 tu ya ishara. Misuli ilikuwa imerejea karibu yote, lakini baada ya milisekunde 100 ilibakiwa na asilimia 14 hivi. Ndiyo sababu maji yaling'aa na misuli ikawa kijivu cha giza. Ganda gumu la mfupa lilikuwa jeusi kwa sababu protoni zake chache hufifia kabla hata ya milisekunde moja kuisha, na lingekuwa jeusi vilevile kwa mtu mzima wa afya. Weusi uliostahili kumshughulisha ulikuwa mmoja, wa diski ya chini, yaani mto laini kati ya pingili za mgongo, iliyopoteza maji yake wakati zilizo juu yake zilikuwa bado nyeupe.

Namba ile ya tatu, SL, inatupeleka kwenye biashara ngumu kuliko zote katika chumba cha MRI. Picha hii haijengwi na vidoa bapa bali na vipande vidogo vya ujazo, kila kimoja kikiwa na urefu, upana na unene. Ishara ya kipande hutoka kwa protoni zilizomo ndani yake, kwa hiyo kipande kikipungua nusu, ishara hupungua nusu. Kelele haipungui, kwa kuwa koili huendelea kuusikia mwili wote ulio mbele yake. Njia ya kufidia ni kusikiliza tena na tena na kutafuta wastani: ishara hujumlika kikamilifu, ilhali kelele, kwa kuwa hupanda na kushuka ovyo, hujumlika kwa kipeuo cha pili tu. Ukitaka uwiano maradufu ni lazima usikilize kwa muda mara 4.

Tuiangalie hesabu hiyo kwa karibu. Tuseme tabaka limepigwa kwa vipande vya milimita 1 kwa 1, kwa jumla ya dakika 3 za kusikiliza, na daktari anaomba undani zaidi, vipande vya nusu milimita kwa nusu milimita, unene ukibaki uleule. Kila kipande sasa kina robo ya ujazo wa mwanzo na robo ya ishara. Kurudisha uwiano ule wa awali kunahitaji muda mara 16, yaani dakika 48 kwa seti moja tu ya picha, na hakuna binadamu mwenye maumivu ya mgongo atakayelala dakika 48 bila kujinyoosha. Mtaalamu huamua nini kitolewe kafara. Anaweza kuongeza unene wa tabaka. Anaweza kupunguza upana wa masafa anayoyapokea ili kelele iingie kidogo, ingawa hapo mafuta na maji, ambayo hutofautiana kwa hezi 220 hivi katika tesla 1.5, huanza kuchorwa mahali pasipo pake. Au anaweza kukubali chenga kiasi. Mbinu za kuharakisha kipimo kwa kutumia koili nyingi nazo hulipwa kwa sarafu hiyohiyo, kwani kipimo kinachopigwa kwa nusu ya muda hupoteza angalau asilimia 29 ya uwiano. Tofauti kati ya mtaalamu mzuri na wa kawaida iko katika uamuzi huu, ambao kwa kawaida huchukua sekunde chache mbele ya kompyuta huku foleni ikisubiri nje.

Kupotea kwa ishara si hasara siku zote. Watoto wenye selimundu wanaoongezewa damu mara nyingi hulimbikiza chuma katika ini, na chuma huvuruga uga wa sumaku ulio jirani nacho, hata ishara ya ini ikafifia kwa haraka isiyo ya kawaida. Kwa kupima haraka hiyo, daktari hukadiria kiasi cha chuma bila kuchoma sindano ya kukata kinyama cha ini. Dawa ya kontrasti inayochomwa mshipani kabla ya baadhi ya vipimo hutumia tabia ya namna hiyo kwa upande wa pili: ina gadolini, aina ya metali, ambayo kwa kipimo kidogo huharakisha protoni za maji yaliyo karibu nayo kurejea, hivyo uvimbe ulioinyonya hung'aa. Mashine haiioni gadolini yenyewe. Inayaona maji yaliyopita karibu nayo.

Yaliyo mikononi mwa mgonjwa ni machache lakini yana uzito. Akitikisika, ishara haipungui sana ila hupelekwa mahali si pake, na picha hupata vivuli vinavyojirudia kama mawimbi. Wanja wenye chembe za chuma, pini za nywele na shanga za kiunoni zenye chuma huvuruga uga na kuchimba shimo jeusi katika picha, licha ya hatari ya chuma kuvutwa na sumaku au kupata joto, na kwa sababu hiyo vyote huvuliwa nje. Kwa waliowekewa vyuma mwilini baada ya ajali za bodaboda, jambo la kwanza ni mtaalamu kuthibitisha kwamba vyuma hivyo ni salama kuingia navyo. Baada ya hapo, titani huharibu picha kidogo kuliko chuma cha pua, na uharibifu huongezeka pamoja na tesla. Mgonjwa asiyekumbuka aliwekewa nini ni vema atafute cheti cha upasuaji kabla ya kupanda treni. Mlango nao una sehemu yake: chumba kizima hufunikwa shaba kuzuia redio za nje, na mlango usiposhikamana vizuri na vijisahani vya shaba vya fremu yake, mistari ya nukta hupita katikati ya picha kana kwamba imeshonwa.

Kwa kuzingatia haya yote, mashine ndogo za sumaku dhaifu zinazoanza kuonekana Afrika zinaeleweka vizuri zaidi. Mwaka 2022 mashine ya karibu tesla 0.05, iliyoundwa kwa sumaku za kudumu zisizohitaji heliamu, ilifungwa katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara nchini Uganda. Sumaku yake ni dhaifu mara 30 hivi kuliko ya tesla 1.5, na ishara yake ni dhaifu kupita uwiano huo, kwa hiyo vipande vyake lazima viwe vinene na usikilizaji uwe mrefu. Lakini maji ya ubongo hutoa ishara nyingi kwa sababu ni maji matupu, na kwa mtoto mwenye kichwa kikubwa kutokana na maji hayo kujaa, vyumba vya ubongo hupanuka kwa sentimita. Kipande cha milimita kadhaa kinatosha kumwonyesha daktari wa upasuaji vilipo na vimepanuka kiasi gani. Uvimbe wa milimita 3 katika tezi ya pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, hautaonekana humo, na mgonjwa wake bado atapanda treni.